Viondo katika Mlolongo wa Mwalimu

Ukitaka kujua serikali imefanya nini wiki hiyo, hukuwa na haja ya gazeti. Ulichukua mtungi wako, ukaenda kwenye bomba la maji nje kidogo ya Migwani, ukasubiri Kalunde afungue mdomo. Na mdomo ule haukuchelewa kufunguka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha mabati, kushika ufunguo wa bomba na kuwafungulia wenzake maji Jumanne na Ijumaa. Mumewe alifanya kazi Makindu na alionekana nyumbani kwa nadra. Watu walimwita Mama Ndululu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Redio yake ilikaa dirishani. Betri alizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za kufika taarifa ya habari ya saa saba. Msomaji alikuwa hajamaliza salamu zake, Kalunde alikuwa ameshamjibu.

"Waziri anasema Ukambani hakuna njaa," aliwatangazia siku moja, kana kwamba wao hawakuwa na masikio. "Sawa. Siku akikuja tutampikia hiyo hakuna, akule ashibe."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kalunde mwenyewe hakucheka. Aliyasema mambo haya kama mtu anayepepeta mahindi, makapi huku, punje huku, mkono mwingine ukiwa kwenye bomba. Maoni alikuwa nayo juu ya barabara, juu ya bei ya pamba, juu ya nchi ambazo hakujua ziko upande gani wa dunia. Mara nyingi alikosea, lakini hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu hata akikosea alikuwa anakosea kwa ajili yao. Hilo ndilo lililompa heshima pale bombani, na heshima hiyo aliipenda kuliko alivyokubali kusema.

Foleni ya pale ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Mtungi ukishakaa kwenye laini, mwenyewe yupo. Anaweza kwenda kunyonyesha, kupalilia, hata kuhudhuria maombi ya akina mama kanisani, na akirudi atakuta wenzake wamemsogezea mtungi mbele. Kuruka mtungi wa mtu ilikuwa aibu kuliko kuiba kuku wa mchungaji.

Mwaka wa themanini na nane redio ikaleta habari ya mlolongo. Chama kilikuwa kimoja, na chama hicho kilikuwa kimeona karatasi za kura ni usumbufu. Sasa mtu angesimama nyuma ya mtu wake hadharani, ahesabiwe.

"Hiyo ni kuoga katikati ya soko," alisema Kalunde. "Lakini kama ni kuoga, tutaoga. Mimi nasimama na Mwalimu."

Mwalimu alikuwa Muthama, mstaafu mpole aliyewafundisha nusu ya watu wa pale kusoma. Alitaka kiti cha diwani. Kiti hicho kilikuwa kimekaliwa miaka mingi na Mbuvi, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa mtu wa tabasamu pana, na mabomba aliyoahidi tangu uchaguzi uliopita yalikuwa bado yako njiani. Kalunde alikuwa hachoki kuuliza yanakuja kwa miguu kutoka wapi.

Maneno yalimfikia Mbuvi. Akaja kibandani asubuhi moja, kabla foleni haijawa ndefu.

"Mama Ndululu, hiyo mdomo yako inafanya kazi kuliko bomba," alimwambia, meno nje. "Nikirudi kwa kiti, huu ufunguo nitapatia shemeji yangu. Yeye hana maneno mingi."

Basi ikawa hivyo. Mwalimu akishinda, Kalunde anabaki na kazi yake. Mbuvi akishinda, Kalunde anarudi kwenye shamba lililokauka kungojea kinachotoka Makindu. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini aliendelea kusema, na wanawake wakampenda zaidi.

Siku ya mlolongo ilikuwa Jumatatu ya Februari, kiangazi kimekaza. Katika uwanja wa shule mjumbe wa Mwalimu aliinua picha ya Mwalimu, mjumbe wa Mbuvi akainua ya Mbuvi, na watu wakajipanga. Nyuma ya Mbuvi walisimama ndugu zake na waliokula mbuzi wake. Nyuma ya Mwalimu laini ilipita vyoo vya shule ikakunja kona, na wengi wao walikuwa wanawake wa bombani, kila mmoja na kiondo chake, kikapu cha mkonge, begani. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa ametangaza kwamba hesabu itaanza saa sita. Kalunde alitembea kando ya laini ile kama bibi harusi, akitoa maoni.

Jua lilikuwa limeanza kuuma vizuri Kaluki alipotokea mbio. Kaluki alikuwa jirani yake, na alikuwa amepita bombani akija kupiga kura.

"Maji imekuja!" alisema. "Bomba inapiga kelele, inataka kupasuka!"

Laini nzima ikageuza shingo. Ijumaa iliyopita maji yalikuwa hayakufika kabisa, na nyumbani kulikuwa na watoto, ndama na punda wenye kiu. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Kalunde, umefungwa kwenye ncha ya leso. Kalunde, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, aliamua papo hapo.

"Wekeni viondo kwa laini!" alipaza sauti. "Kila mtu kiondo yake mahali amesimama. Twende tuteke, saa sita tuko hapa."

"Lakini, Mama Ndululu…" Mwalimu alianza.

"Mwalimu, wewe tulia. Hakuna mtu ataruka kiondo ya mtu."

Na kweli hakuna aliyekiruka. Waliporudi, kamba za mitungi zikiwa zimewakaza vipaji vya nyuso, viondo vyote vilikuwa palepale, vimenyooka nyuma ya picha ya Mwalimu, na wazee wachache waliobaki walikuwa wamevisogeza mbele kwa uaminifu. Ila msimamizi alikuwa ameshahesabu, mapema kuliko alivyosema, na Mbuvi alikuwa juu mabegani mwa wapwa zake.

"Mimi nahesabu vichwa," msimamizi aliwaambia. "Sihesabu viondo."

Kalunde alimtukana msimamizi njia nzima ya kurudi. Alikuwa bado anautukana ukoo wa msimamizi upande wa mama, ndipo Mutindi, mwanamke mkimya asiyezoea kumkatiza mtu, alipouliza.

"Mama Ndululu, leo ni Jumatatu. Maji ya Jumatatu ilitoka wapi?"

Kila mtu alijua tangi liko mlimani, na kila mtu alijua ni mwenyekiti wa kamati ya maji anayeamuru lifunguliwe.

Jumanne tangi lilikuwa tupu, bomba halikutoa kitu. Ijumaa alikwenda kazini akijua ni siku yake ya mwisho. Foleni ilikuwa ndefu. Gari la Mbuvi lilipofika Kalunde alifungua fundo la leso, akautoa ufunguo, akamnyooshea Mbuvi kabla hajaombwa. Alitaka angalau hilo alifanye mwenyewe, mbele ya watu.

Mbuvi hakuupokea. Alikuwa amebeba leso mpya, bado ina mkunjo wa dukani, akaiweka dirishani karibu na redio.

"Shika ufunguo yako, mama, mpaka uzeeke," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Watu walisema utaniangusha. Kumbe wewe ndiye umeniinua."

"Mimi sikukusaidia!" Kalunde alisema. "Bwana diwani, waambie hawa ukweli. Sikukusaidia!"

"Sawa, sawa," Mbuvi alicheka, akamkonyeza. "Hiyo ni siri yetu."

Gari likaondoka. Kalunde aliwageukia wanawake, akaanza kueleza. Alieleza juu ya tangi, juu ya msimamizi, juu ya Jumatatu, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyosikika kama ya mtu mwenye leso mpya dirishani. Aliisukuma chini. Hakuna aliyeiokota. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu, kwa sababu kazi aliyoiogopea sasa ilikuwa yake bila shaka yoyote.

Saa saba redio ilitoa salamu, ikaanza kusoma majina ya walioshinda. Kalunde alisubiri mtu aulize anaonaje. Kaluki alisogeza mtungi wake chini ya bomba bila kumtazama.

"Mama Ndululu," alisema, "wewe fungua tu maji."