Hellena na Kiingereza Kisicho na R Wala L

Ninayotaka kuwaambia hamtayaamini, na siwalaumu, vichwa vyenu ni vidogo. Mpwa wangu Hellena, muuza mchele wa hapa Sumbawanga, amekitungia Kiingereza sheria, kana kwamba ni mbuzi wake wa kamba.

Sheria kubwa: asiandike neno lolote lenye R au L. Sisi Wafipa tukishika herufi hizo, ulimi unazibadilishana kama mapacha wenye shati moja. Pili: hakuna "he" wala "she", kila mtu atajwe kwa jina, maana aliwahi kumwandika padri kuwa mwanamke. Tatu: sentensi iishe kabla ya pumzi. Nilicheka mpaka nikashika mzani nisianguke. Mimi nilifika kidato cha pili, na ningeendelea kama walimu wasingeniogopa. Sentensi zangu za Kiingereza huondoka Sumbawanga alfajiri, zikapita Chala, zikafika Kabwe ziwani bila kukutana na nukta!

Chanzo cha upuuzi huu ni Bwana Sikazwe, mnunuzi wa kutoka Mbala, Zambia. Mwaka jana Hellena alimwandikia kwenye simu kwamba anao mchele safi, mrefu, usio na mawe. Sasa, mchele na chawa kwa Kiingereza, "rice" na "lice", vimetenganishwa na R na L tu, naye akachagua vibaya. Chawa safi, warefu, wasio na mawe! Tena si chawa wa wanasiasa, wale wa kichwani. Sikazwe akajibu kwamba Zambia wanao wa kwao, wanawatosha.

Juzijuzi Sikazwe akaandika tena: una nini, kiasi gani, lini? Asipojibiwa kabla ya jioni, anakwenda kununua Mbeya. Mchele wa Hellena umejaa stoo, fukusi wameanza kuonja, na hakuna mwingine wa kuuchukua wote. Akashika simu, akaanza kuyapima maneno ya Kiingereza. Mchele una R. Bei ina R. Lori, maskini, lina zote mbili. Hata salamu ya "hello" ina L.

"Lete hapa," nikamwambia. "Tunaanza na 'I have the honour and the privilege to humbly...'"

"Mjomba, mpaka umalize huo unyenyekevu, mtu ameshafika Mbeya."

"Mtu anaandikiwa bila salamu? Umelelewa na fisi?"

"Nimelelewa na dada yako."



Akachota mchele kiganjani, akaupiga picha, akaandika chini yake: "This. Fifty bags. Monday. Yes?" Yaani huu, magunia hamsini, Jumatatu, sawa? Hata jina hakuweka, kwa sababu Hellena lina L mbili. Kwa sheria zake mwenyewe, mwanamke huyu haruhusiwi kusaini! Bata akikatiza juu ya simu ataandika vizuri zaidi.

Sikazwe akajibu: "Yes." Mvivu kakutana na mvivu.

Naandika haya nimekaa hapa stoo kwake, naye ananichungulia begani. Achungulie tu. Basi Jumatatu lori likaja, tena si moja, yakaja malori saba yakaziba barabara mpaka sokoni, Bwana Sikazwe akashuka, akampita Hellena kama hamwoni, akanijia mimi, akasema, "Mzee, Kiingereza kile lazima ni chako, maana kule kwetu maprofesa wote wameki—"

"Mjomba! Malori saba? Ilikuja Fuso moja, na wewe ulikuwa umelala."