Ndugu wa Dakhalia

Dada yangu Shukriya anashona nguo za wanawake hapa Jalan Bani Bu Hassan, Oman, na ukimwambia kwamba angekuwa mwalimu atakucheka. Mimi Hamda, mdogo wake, sicheki. Yeye alikwisha kusamehe. Hasira nimebaki nazo mimi, na sioni haya kuzisema.

Mwaka 1997 alipata nafasi katika chuo cha ualimu kule Ibra. Nyumbani ni mbali, ikambidi akae dakhalia, bweni la chuo, na katika dakhalia iliyojaa wasichana mtu hawezi kuishi kivyake. Palikuwa na kikundi cha wasichana tisa waliozungumza Kiswahili, wote asili yao Unguja, wakijiita Ndugu. Kuingia humo hakukuwa bure. Mkubwa wao, Buthaina, aliyekuwa akikaribia kumaliza masomo, alimkalisha Shukriya kitandani akamwonyesha nyanya.

"Hii nini?"

"Nyanya."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wazee wetu walirudi Oman kutoka Bujumbura, na Kiswahili chetu ni cha bara.

"Tungule, bibi wee!" alisema Buthaina. "Na viazi ni mbatata, na mkate wa dukani ni boflo. Kwenu mwala nini nyie?"

Wiki nzima aliwapikia chai na kuwaoshea vikombe, kisha wakamkubali. Na sitasema uongo, walimfaa. Walimpa kitanda karibu na eyasii, ile mashine ya kupoza chumba. Buthaina alimfundisha sarufi ya Kiarabu iliyokuwa ikimtoa jasho. Akiumwa walimpikia uji, na msichana yeyote akimwita kwa dharau Mzinjibari, jina wanaloitwa wote waliotoka Afrika, wote tisa waliinuka. Shukriya akija nyumbani ni Buthaina hivi, Buthaina vile, mpaka nikaona wivu.

Jumatano moja, siku ya kurudi nyumbani kwa mapumziko, gari la baba liliharibika. Akaja kumchukua Majid, mtoto wa mama yetu mkubwa, aliyelelewa nyumbani kwetu tangu anatambaa. Sheria ya dakhalia ilikuwa msichana hatoki ila na baba au kaka yake. Shukriya akasita mlangoni. Buthaina akamsukuma bega.

"Kwani Majid si ndugu yako? Sema ni ndugu yangu, yaishe."

Shukriya akamwendea mushrifa, yule mwanamke aliyesimamia dakhalia, akamwambia kwa Kiarabu, "Akhuy." Kwetu sisi mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, huna haja ya kufafanua. Kwa Kiarabu akhuy ni yule mliyezaliwa pamoja naye.

Aliporudi, mushrifa alikuwa amekwisha kupata habari kwamba Majid na Shukriya hawana baba mmoja. Abla Shaikha, ndivyo walivyomwita, hakuwa mtu mbaya. Alitaka kujua jambo moja tu: Shukriya alisema uongo ili atoke na mwanamume, au ulimi ulimteleza? Kama ni uongo, anatoka dakhalia, na kwa mtu wa Jalan kutoka dakhalia ndiko kutoka chuoni. Shukriya akamweleza habari ya neno ndugu.

"Niletee mmoja anayeijua lugha hiyo, aniambie kama ni kweli," alisema mushrifa, "nami nitayasahau."

Shukriya alipanda ngazi akicheka. Mmoja! Yeye alikuwa nao tisa.

Wakashuka wote, wakajipanga mbele ya meza. Mushrifa akauliza kama ni kweli kwa Kiswahili mtoto wa khalati, yaani wa mama mkubwa, huitwa ndugu. Buthaina akajibu kwa Kiarabu, macho makavu.

"Wallahi, abla, mimi Kiswahili sikijui. Sisi ni Waarabu."

Mushrifa akawageukia wengine, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekijua. Wale wale waliomfunza dada yangu kusema! Ningekuwapo ningewazaba vibao, hata kama ningefukuzwa chuo nisichosoma.

Nje ya ofisi Buthaina alimshika mkono, na hapo Kiswahili kikamrudia, tena kile kitamu cha mjini.

"Usinichukie, mwenzangu. Mie nakaribia kumaliza. Wakijua aliyekwambia useme vile ni mie, nami natoka. Na nikijulikana Mzinjibari, nani atanipa skuli nzuri?"

"Ulinambia sisi ni ndugu."

"Ndugu ni huku ndani kwetu, habibti. Si mbele za watu."

Baba yetu, Sleyum, mtumishi wa serikali hapa Jalan, ndiye aliyekwenda kumchukua na sanduku lake. Walipofika Al Mintirib, njiani, Shukriya alikuwa amekwisha kumweleza yote, naye akingoja baba akasirike, kwa maana alikuwa amewaza jambo njia nzima.

"Baba, geuza gari. Mushrifa alitaka mmoja tu. Wewe unakijua Kiswahili, mwambie wewe."

Baba hakupunguza mwendo.

"Mwanangu, ofisini wananijua mimi mtu wa hapa hapa. Nikiulizwa, nasema sikijui. Na sasa hivi promosheni yangu inajadiliwa. Maneno yanasafiri, mama. Ibra si mbali hivyo."

Dada yangu hakumlilia mushrifa, wala hakumlilia Buthaina. Aliniambia hapo ndipo alipolia, kichwa amekiegemeza kwenye kioo cha gari, na baba akawa anampapasa mgongo kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine.

"Na watu wakiuliza nimerudi kwa nini?"

"Tutasema umeumwa."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo watu walivyoamini. Mpaka leo wapo wanawake wanaokuja kupimwa nguo wakamwuliza Shukriya kama alipona ule ugonjwa uliomtoa chuoni, naye huwajibu alhamdulillahi, pini mdomoni, akawaambia wanyooshe mikono.