Masinia ya Kurudishwa Machafu

Habari za kifo chake zilinikuta Burat, kwenye kishamba changu cha vitunguu. Nilipofika mjini alikuwa ameshazikwa, maana Waislamu hawachelewi kuzika. Nyumbani kwake nilikuta hema la kukodi, viti vya kukodi, na waombolezaji wakinywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Niliketi nikanywa yangu, na moyo ukaniuma kuliko nilivyotarajia. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa jirani tu, mjane wa mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, tulimwita Akko, yaani bibi kwa Kiborana.

Wasomaji wangu vijana hawatajua kwamba zamani mtaani kwetu hukuweza kupokea wageni wa heshima bila kupitia kwa Akko. Yeye ndiye aliyekuwa na masinia makubwa ya shaba, na birika la shaba la kunawishia wageni mikono pamoja na beseni lake. Aliazimisha bure, kwa sharti moja: virudi vichafu. Mimi sikulijua sharti hilo nilipoazima mara ya kwanza, wakwe walipokuja kumposa binti yangu. Marehemu mke wangu, kwa adabu zake, alivisugua kwa waya wa sufuria mpaka vikang'aa, nami nikavirudisha nikijiona muungwana.

"Nani alikuambia uoshe?" akaniuliza, akipitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Akko, nilidhani ni heshima."

"Heshima gani? Wewe unataka kuweka hapo uende. Na wageni walikuwa aje? Sinia itaniambia?"

Nikaketishwa mkekani, tukasafisha upya vyombo vilivyokuwa safi. Maji ya moto kwanza, kutoa mafuta. Kisha nusu ya limau iliyochovywa kwenye chumvi na majivu laini, ukisugua polepole kwa kufuata duara la sinia. Halafu unasuuza haraka, kabla limau halijakauka na kuacha madoa, na unamalizia kwa kitambaa kikavu. Asubuhi yote ikaishia hapo, na tulipomaliza Akko alikuwa anajua mkwe yupi alikula sana, nani alinuna, na kwa nini shangazi yangu hakuja. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitaka. Hakujaliwa watoto, mume alikuwa ametangulia, na chombo kichafu kilimletea mtu wa kuketi naye.

Kisha wakaja watu wa mahema. Siku hizi ukiwa na harusi unapiga simu moja tu, lori linaleta kila kitu na jioni linakuja kukichukua. Sisemi ni vibaya. Mimi pia nimewapigia. Lakini mlango wa Akko ukanyamaza. Alikuwa akinikuta njiani ananitania, "Kwani huko kwenu hakuna mtu anaoa?" Mara ya mwisho nilimkuta peke yake mkekani, sinia mapajani likimeremeta, naye anasugua.

"Akko, si hizi ni safi?"

"Ni safi. Hakuna mtu amechafua." Mkono haukusimama. "Kusafisha kitu chafu sio kazi. Hii ya kusafisha kitu safi ndio inachosha."

Tumezoea kudhani kwamba mpweke anahitaji kupewa. Tunampelekea unga na sukari, tunaviacha mlangoni na kuondoka tukijisifu. Akko alipelekewa vingi. Alichokosa ni mtu wa kuja kumwomba kitu. Sisi wengine nasi tuna kila kitu ndani, hatubishi hodi kwa yeyote wala hatubishiwi. Tangu mke wangu afariki, mimi mwenyewe naweza kumaliza wiki bila kusikia mtu akiniita kwa jina, na sioni aibu kusema kwamba inauma.

Basi ukitaka kumfaa mtu aliye peke yake, nenda kamwombe kitu. Jana nilimwendea jirani yangu, mwanajeshi mstaafu anayeishi bila mtu, nikamwomba aniazime ngazi. Ngazi yangu mwenyewe ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba yangu, na kutoka barazani kwake inaonekana wazi. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ngazi iko," akasema. "Lakini keti kwanza, chai inachemka."