Wingu lililokatiza bahari nzima pale Utende, na macho ya Mzee Akbari

Wakuu, salama?

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha ulivyo. Yaliyomo yamenikuta mwenyewe hapa Mafia, sijatia chumvi. Jina la mzee tu ndilo nimebadilisha, kwa heshima ya familia yake.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Kilindoni karibu na uwanja wa ndege. Hobi yangu ni kupiga picha mawingu.

Najua mnacheka. Mke wangu mwenyewe anacheka.

Si kila wingu lakini. Nasaka yale ya ajabu ajabu: yanayoning'inia vifuko vifuko kama viwele vya ng'ombe, au yale yenye tundu la mviringo katikati, kama mtu kakata chapati kwa kikombe. Abiria ukimsubiri mpaka basi, macho utayapeleka wapi? Juu.

Nilidhani niko peke yangu kisiwa kizima, mpaka siku Mzee Akbari aliponisimamisha.

Mzee Akbari ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake alizaliwa Mafia. Ana duka la vitambaa na vyombo mjini. Akaniambia nimpeleke uwanjani. Nikamuuliza mzigo uko wapi, akacheka.

"Sisafiri. Pale uwanjani hakuna minazi ya kuniziba. Nataka lile wingu."

Nikageuka kuangalia. Wakuu, lilikuwa wingu ambalo mimi pia nilikuwa nalitolea macho tangu asubuhi.

Basi urafiki ukaanzia hapo. Ikawa baada ya swala ya alasiri anamwachia mkewe, Bi Shirini, duka, tunatoka. Yeye alijua majina ya mawingu, mimi nilijua njia. Alinizidi umri kwa mbali, lakini tukiwa chini ya wingu zuri tulikuwa tunabishana kama wa rika moja.

Sasa tuje kwenye penyewe.

Mwaka jana watu wakaanza kusema mzee kaingiwa na maringo. Unampa salamu ukiwa ubavuni kwake, haitikii. Akimimina chai, nusu inaenda kwenye sahani. Siku moja alivuka barabara pikipiki inakuja, dereva akamkosa kwa bahati tu. Na mzee ndiye akamgombeza dereva.

Bi Shirini akaniambia, "Huyu akili yake iko mawinguni." Tukacheka wote. Sote tuliona ni uzee.

Asubuhi moja nikaona kitu upande wa mashariki. Nikaenda moja kwa moja kumgongea. "Shikamoo Mzee, vaa viatu." Hakuniuliza kitu.

Tukapita Kiegeani mbio mpaka Utende, pale wanapopandia boti za Chole. Hata wenye boti walikuwa wamesimama, wameacha kazi.

Lilikuwa roll cloud. Wingu moja refu, limeviringika kama godoro lililofungwa kamba, limelala chini chini juu ya maji kutoka upande mmoja wa upeo mpaka mwingine. Tumbo lake jeusi. Linakuja taratibu, na upepo wa baridi umetangulia mbele yake. Sijawahi kuona tena.

Nikapiga panorama, ile picha ndefu ya upana wote. Kisha nikamtazama mwenzangu.

Alikuwa ameshika simu lakini hapigi. Anageuza kichwa, kulia, kushoto, kulia tena, kama mtu anayesoma herufi moja moja.

"Mzee, piga, linapita."

"Mwisho wake uko wapi?"

"Halina mwisho. Limekatiza bahari yote."

Wingu likafika juu yetu, mwanga ukafifia, mchanga ukaanza kuruka. Ndipo akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mimi naona kipande tu, mwanangu. Kama nachungulia kwenye bomba. Nilidhani ni miwani."

Nikamwambia azibe jicho la kulia kwa kiganja. Akaziba. Akakaa hivyo, akaniuliza kama bado nimesimama pale.

Nilikuwa mbele yake, hatua moja tu.

Mvua ikatukuta hapo hapo. Hatukukimbia.

Hospitali ya hapa wakampeleka Dar haraka. Huko wakasema ni presha ya macho. Imekula mshipa wa jicho polepole, bila maumivu, ikianzia pembeni. Kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kidogo. Haikupita muda mrefu, nacho kikazimika.

Aliporudi nilimfuata nyumbani. Nikadhani nitamsaidia, nikaanza kumsimulia wingu nililoliona asubuhi hiyo, rangi yake, lilivyochanika.

Akanishika mkono. "Usinisimulie. Ukinisimulia ndiyo naona ninachokosa."

Toka siku hiyo sijamtajia wingu. Nakwenda kukaa naye barazani pa duka, tunaongea mpira, bei ya samaki, nani kaoa. Picha napiga peke yangu, na wakuu, ladha imepungua sana.

Wiki iliyopita tumekaa, mbingu yote ikajaa yale ya viwele, na jua la jioni linayapiga kwa chini. Mtaa mzima ukasimama. Muuza maji kasimama, watoto wamesimama, hakuna pikipiki inayolia.

Mzee akainua kichwa. "Mbona kimya? Kuna nini?"

Nikayatazama tena yale mawingu, kisha nikamtazama yeye.

"Mvua inakuja, Mzee."

Uso wake ulikuwa bado umeelekea juu kule kule nilikokuwa natazama mimi.

"Haya," akasema. "Nisaidie kuingiza viti."

Tukaingiza viti. Mvua haikunyesha, na hakuniuliza kwa nini.

Wakuu, funzo ni hili: presha ya macho haiumi na haibishi hodi. Ukiona mzee wako anajigonga kwenye milango, anamwaga chai, haitikii salamu za ubavuni, usimwite mwenye maringo. Mpeleke akapimwe, na wewe upimwe, maana inatembea kwenye damu ya ukoo.

Waliowahi kuishi na mtu aliyepoteza macho ukubwani, niambieni. Siku ile barazani, ningemwambia ukweli, au nilifanya sawa?