Chapa Mbaya

Akitoka kazini uwanja wa ndege, na kizibao chake cha manjano angali amekivaa, kijana huingia katika duka la vitabu la Bi Asya pale Tibirinzi amechoka kana kwamba mizigo ya abiria wote kaibeba yeye. Kazi yake ni kuipima tu. Ndiyo maana kila kitabu cha urubani hukiinua kwanza kwa kiganja, akakitikisa kidogo, ndipo akakifungua. Kisha hukisogeza mbali na uso, na mbali tena, mpaka mkono umenyooka wote. "Hichi chapa yake mbaya, Bi Asya," husema, kwa sauti ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Bi Asya alimtolea fotokopi, kijana akasema mbaya. Akamwagizia Dar es Salaam kitabu cha hali ya hewa, kipya, kinanuka wino, nacho mbaya. Anayetaka kujifunza urubani huanza kwa daktari wa macho. Hilo hawalitaji, yeye wala Bi Asya.

Leo Bi Asya, naye kachoka, alivua miwani yake akaiweka juu ya ukurasa alioufungua kijana. Kijana akaivaa. Kidole kikashuka mstari kwa mstari, upesi, kikafunua ukurasa wa pili, kikashuka tena hadi chini. Halafu akaivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la kizibao, akamrudishia.

"Chapa mbaya," alisema, bila ya kumtazama.

"Mbaya kweli, mwanangu," akajibu Bi Asya. "Nitakuagizia chengine."