Kirie ya Kushikilia

Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi hunirudisha kanisani kwetu, milimani Uluguru, enzi za Mjerumani. Najiona nimesimama pekupeku kwenye sakafu ya baridi.

Sista wa misheni alikuwa akitufundisha misa ya sauti nne kwa ajili ya Pasaka. Alituambia aliyeitunga alikufa huko Ulaya zaidi ya miaka mia nne iliyopita, nasi tukasikitika kana kwamba ni jirani. Wenzangu walipewa sauti za kupanda na kushuka, zinafukuzana kama watoto mtoni. Mimi nikapewa ya kushikilia: neno "Kirie" tu, yaani "Ee Bwana", kila silabi ndefu mpaka macho yanitoke. Niliona nimeonewa waziwazi, ila nilijikaza.

Balaa lilikuwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mama alikuwa anaumwa kiuno, maharage yamezidiwa na magugu, na mjomba alitaka niache shule nikapalilie. Siku moja akaja nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, tuimbie hicho wanachokufundisha miezi yote hii."

Nikavuta pumzi. "Kiiiiiiii..."

Akangoja. Akangoja tena. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo, mjomba. Bado 'ri'."

"Lo! Mlango wangu unaimba hivyohivyo, na haujasoma hata siku moja!"

Mama alicheka huku ameshika kiuno. Mimi nililia, maana mjomba alishakata shauri: Pasaka ikiisha, na shule basi. Mama akamwomba jambo moja tu, aje asikie kwanza.

Siku ya Pasaka alikuja kweli, akasimama nyuma kabisa ya kanisa. Tulipofika katikati, wa sauti za juu wakapotezana, huyu mbele, yule nyuma, Sista akawa mwekundu kama nyanya. Sikujua la kufanya zaidi ya kushika "ri" yangu. Nilishika, jamani, nikadhani nitazimia! Mmoja mmoja wakanisikia, wakarudi, wimbo ukakaa sawa.

Tulipotoka nje, mjomba alinifuata. "Sijaelewa hata neno moja," akasema. "Lakini ungekohoa tu, wote wangeanguka. Shule ikifunguliwa, nenda."

Nilikimbia kwa furaha, wala sikuuliza maharage yatapaliliwa na nani. Kwa miaka nilitamba kwamba mimi ndiye niliyewashikilia wenzangu. Nilikuwa tayari na watoto wangu mama aliponiambia: misimu mitatu mfululizo, mjomba alikuwa akimaliza shamba lake, anapanda mlima kuja kupalilia letu. Na alimkataza mama asinigusie, eti pumzi isije ikanikatika.