Jina Alilokubali Kuitikia

Baba yangu, Mzee Dzombo wa Kulesa, hajawahi kuitika akiitwa mara ya kwanza. Mwite akiwa anapalilia mpunga, mwite akiwa ameketi na bakuli la uji mkononi, atakunyamazia mpaka umwite tena. Ukimuuliza sababu, anasema ule mwito wa kwanza huenda haukuwa wake. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliishi naye miaka arobaini akiita kila kitu mara mbili, hata kuku.

Ni mkaidi, sitamfichia. Ana miaka sabini na sita na bado anagombana na viboko wanaoingia shambani kwake, akiwatukana kwa majina ya machifu wa zamani. Kiboko mmoja anayemlia mpunga kila msimu amempa jina la mwalimu aliyemchapa darasa la tatu. Mkono wake wa kushoto hauinuki vizuri tangu alipoanguka mtumbwini, lakini ukimsaidia kubeba jembe atakuangalia kana kwamba umeliiba.

Mimi ndiye binti yake wa kwanza. Kwetu Wagiriama, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Baba alikataa. Akaniita Nelly, jina alilolisikia kwa mke wa mhubiri mmoja kule Golbanti, na wadogo zangu wanne wa kike wote wakapewa majina ya upande wa mama. Nilipokuwa msichana, wanawake mtoni walikuwa wakiniuliza, "Na jina lako la nyumbani?" Nikiwaambia ni hilo hilo Nelly, walicheka. Iliniuma wakati ule, na sasa nina miaka hamsini na moja, nafundisha watoto wa watu Garsen, bado inaniuma.

Bibi yangu aliitwa Jumwa. Nililijua jina hilo kwa kunong'onezewa, maana mbele ya baba halikutajwa. Baba alilelewa na mama wa kambo, naye alimwambia tangu utotoni kwamba mama yake alitoroka na fundi wa barabara, akamwacha ana miaka mitano. Baba akalimeza neno hilo na hakulitapika. "Mtu aliyeniacha," alikuwa akisema, "sina haja ya kumwita kila siku nyumbani mwangu."

Mwaka juzi mdogo wake Jumwa, Bibi Kadzo, alipoona ugonjwa umemzidi, alimwita baba, nikaenda naye. Bibi Kadzo alikuwa mtoto wa miaka minane wakati mambo hayo yanatokea. Akasema hakuna fundi wa barabara. Mwaka ule wa mafuriko Jumwa alizaa mtoto wa pili, naye mtoto akafa akiwa na siku tisa. Baada ya hapo Jumwa hakulala. Alikuwa akiingia mtoni na nguo zake, akiita. Askari wa chifu wakaja wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, wakampandisha lori la serikali, akapelekwa bara kwenye hospitali ya wendawazimu. Wazee wakakubaliana waseme ametoroka, kwa sababu mwanamke malaya ni aibu ya mtu mmoja, lakini wazimu ungezuia mabinti wa ukoo mzima kuolewa.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.  Tulipofika Kulesa baba akakaa kwenye kiti chake, akaniita.

"Nelly. Wewe unajua mambo ya ofisi. Nenda katafute."

"Nitafute nini, baba? Kaburi?"

"Kaburi sitaki. Nataka kujua kitu kimoja tu. Alinikumbuka?"

Nilitaka kumwambia kwamba hospitali haziandiki mambo kama hayo. Nikakosa moyo wa kumwambia.

Nikaandikiwa barua na chifu, nikaapa kwa wakili kwamba mimi ni mjukuu, nikasafiri. Hospitali ile bado ipo, ingawa siku hizi inaitwa jina la heshima zaidi, na vitabu vya enzi ya mkoloni vimewekwa stoo. Bwana mmoja anayeitwa Laban, mtunza rekodi, akanitolea madaftari makubwa ya kupokea wagonjwa, yale ya jalada la ngozi lililoliwa na mchwa. Siku mbili tulipitisha vidole kwenye safu ya majina, kuanzia mwaka wa mafuriko na miaka mitatu iliyofuata. Tulitafuta Jumwa, tukatafuta Jumwa binti Nyale, tukatafuta hata Juma kama karani alikosea. Hatukuona kitu.

Niliporudi, baba alinisikiliza akinoa panga. "Nilijua," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Tangu siku hiyo akaacha kuwatukana viboko. Mpunga ukaliwa naye yuko pale amekaa, anatazama.

Ndipo nikaenda kwa Mumina Jilo. Mumina ni Mworma, mjane, alikaa miaka thelathini kwenye dirisha la kadi za wagonjwa pale Garsen kabla hajastaafu. Ana sauti ya kupitisha ng'ombe mtoni, na hana adabu na mtu aliyesoma. Nilimweleza yote barazani kwake huku akinimiminia chai ya maziwa.

"Ulitafuta jina gani?"

"Jumwa. Ndilo jina lake."

"Jina yake nani alimpa?"

"Wazazi wake, bila shaka."

"Ehee." Akaweka birika chini. "Na wewe, kule Kulesa wanawake wanakuita nani? Usiniambie Mwalimu Nelly."

"Mechangawa," nikasema. "Tangu nimzae Changawa."

 Nikawa bado sijaelewa, na hilo linanitia haya mpaka leo. Kwa Kigiriama, ukishazaa, kukuita jina la utotoni ni kukushusha. Unakuwa Me wa fulani, yaani mama yake fulani. Mimi mwenyewe, ukimtoa baba, sijaitwa Nelly kijijini miaka ishirini na saba. Lakini nilipoingia ofisi ya watu nikatafuta jina la kwenye karatasi, kwa sababu ofisini mtu hutoa jina la karatasi. Ni kana kwamba Jumwa, amefungwa mikono, angekumbuka kuwatolea kitambulisho.

"Nyinyi Wagiriama mmenitesa kwa dirisha ile," Mumina akasema. "Mama mmoja alikuwa na kadi nne. Moja ya kwao, moja Me wa huyu, moja Me wa yule, ingine ya bwanake. Daktari anampa dawa ya presha mara nne! Mimi ndio nilikaa nikaunganisha. Sasa bibi yako alizaa nani kwanza?"

"Baba."

"Basi piga simu, Mwalimu. Umesoma sana mpaka umepotea."

Nilimpigia Laban hapo hapo. Nilimwambia aache Jumwa, atafute Medzombo. Nikaitaja herufi moja moja. Siku ya tatu, nikiwa nasahihisha madaftari darasani, zikaingia picha sita kwenye simu yangu. Nilizisoma nimesimama. Kisha nikawaachia watoto kazi ya kuchora, nikachukua bodaboda.

Baba alikuwa ukingoni mwa shamba. Nilimwita, nikamwita tena. Nikakaa chini kwenye majani nikaanza kumtafsiria, maana ni Kiingereza cha karani wa kikoloni, kifupi na kikavu.

"Mwanamke, Mnyika," ndivyo walivyotuita Wagiriama wakati ule, "umri kama ishirini na tano, ametoka Garsen. Barua ya chifu inamtaja Juma, ambalo ni jina la kiume na bila shaka ni kosa. Mgonjwa hakuliitikia. Anaitikia Medzombo tu. Ameandikishwa hivyo."

Baba akainua mkono wake mzima. "Rudia."

Nikarudia. Nikaendelea na mwaka wa pili. "Ametulia. Anafua vizuri. Muuguzi kutoka pwani anasema jina lake halisi ni Jumwa, ikaamriwa aitwe hivyo. Mgonjwa hakuitika siku tatu, na akakataa chakula. Amri imeondolewa." Mwaka wa nne: "Hana fujo. Ni mkaidi kuhusu jina." Mwaka wa sita: "Kama awali." Mwaka wa saba ni mstari mmoja, homa ya mapafu, na tarehe.

"Jina liko kila mahali?" baba akauliza.

"Kila ukurasa, baba. Juu kabisa."

"Na mimi? Wamesema kitu kuhusu mimi?"

Nikarudi kwenye picha ya kwanza. Ukurasa wa kwanza una safu ndogo zilizochorwa kwa rula: ameolewa, dini, watoto. Ilibidi nimsomee kama ilivyo, maana yeye angejua nikidanganya. "Kwenye safu ya watoto wameandika: hakuna."

Nilidhani nimemuua. Akaichukua simu, akaishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akaniuliza neno lile liko wapi, nami nikamwonyesha. Kisha akaniuliza jina liko wapi, nikamwonyesha hilo pia. Baba hajui kusoma sana, lakini jina lake analijua, amelitia sahihi kwenye vyama vya mpunga maisha yake yote. Akafunika herufi mbili za mwanzo kwa kidole chake chenye tope.

"Hili si Dzombo?"

"Ndilo."

"Miaka saba wananiandika," akasema, "na hawakujua wananiandika." Akacheka, halafu akalia, kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtoto wa miaka mitano. Sijawahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama. Nami nikalia nikiwa nimemshika bega lile bovu, na kwa mara ya kwanza hakuniondoa.

Tulikaa hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa mto. Kiboko yule wa darasa la tatu akatoa pua majini. Baba akafuta uso kwa shati, akaokota bonge la udongo, akamrushia, akamtusi tusi refu ambalo siwezi kuliandika. Nikajua amerudi.

Kisha akasema, "Jumwa, niletee maji."

Niligeuka nyuma kuangalia ni nani amekuja. Njia ilikuwa tupu. Baba alikuwa ananitazama mimi, anasubiri, na hakukasirika kusubiri, maana yeye anajua kwamba mwito wa kwanza mtu anaweza kudhani si wake.

"Jumwa," akaita tena.

"Abee, baba," nikasema, nikainuka.